Umeshinda kesi ya deni, pesa huzioni: hatua za kutekeleza hukumu Lamu na Malindi

Swali hili halikomi: "Hakimu ameshasema nilipwe, mbona silipwi?" Jibu lake ni kwamba mahakama ya madai hutoa hukumu, haimfuati mdaiwa. Hakuna karani atakayempigia simu kwa niaba yako, wala askari hatatumwa mpaka wewe uombe, ulipe ada, na useme wazi mali iko wapi na unataka ikamatwe kwa njia gani. Watu wengi hukata tamaa hapa, na mdaiwa mjanja hulitegemea hilo.

Mwongozo huu ni wa hukumu za pesa zilizotolewa na mahakama ya hakimu au mahakama ya madai madogo, ile inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hukumu za Kadhi ni za ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu. Ukikopesha mtu simiti au ukimuuzia injini ya boti, hilo ni la hakimu, hata kama nyote wawili mnaswali msikiti mmoja.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Namba ya kesi na majina kamili kama yalivyo katika faili.
- Nakala ya hukumu, na dikrii yenye muhuri. Hukumu ni maelezo ya hakimu. Dikrii ni ile hati fupi inayosema nani amlipe nani kiasi gani, na utekelezaji huendeshwa kwa hiyo.
- Hati ya gharama za kesi, kama ulipewa gharama.
- Rekodi ya kila malipo tangu hukumu, pamoja na meseji za M-Pesa.
- Akaunti katika mfumo wa mahakama wa kuwasilisha hati kwa mtandao. Tangu Machi 2024 mfumo huo unatumika nchi nzima. Kama huna wakili na kompyuta huijui, nenda dawati la huduma pale mahakamani au saiba, lakini akaunti iwe kwa namba yako ya simu, si ya mwenye saiba.
- Pesa kidogo za kuanzia: ada za mahakama, kiapo mbele ya kamishna wa viapo, malipo ya mpelekaji hati, na amana ya dalali (anayekamata na kunadi mali kwa amri ya mahakama). Mdaiwa akiwa Faza, Kizingitini au Ndau, hesabu na nauli ya boti kwenda na kurudi, maana hati isiyomfikia mkononi haina kazi.

Kuhusu muda: hukumu huishi miaka 12, na riba iliyolimbikizwa hudaiwa kwa miaka 6 tu. Lakini usikae. Ukipita mwaka 1 tangu tarehe ya dikrii bila kuomba utekelezaji, mahakama itabidi kwanza imwite mdaiwa aeleze kwa nini hukumu isitekelezwe, na hiyo ni safari nyingine ya kortini.

Hatua ya 1: Kagua dikrii kabla ya kuitumia

Kwa kawaida upande ulioshinda ndio unaoandika rasimu ya dikrii, unaipeleka kwa upande wa pili, unampa siku 7 aikubali au aseme kasoro yake, kisha mahakama inaitia saini na muhuri. Wengi hungoja miezi wakidhani itaandikwa yenyewe.

Angalia jina. Huku kwetu mtu anaweza kujulikana kwa laqabu maisha yake yote, na mshitaki akaandika laqabu hiyo kwenye kesi. Benki haina akaunti ya laqabu, wala hati ya gari haiandikwi hivyo. Linganisha na jina la kitambulisho. Kosa la kalamu, kama herufi iliyokosewa au tarakimu iliyogeuzwa, linaweza kurekebishwa na mahakama wakati wowote kwa ombi dogo. Lirekebishe sasa, kwa sababu siku dalali amefika mlangoni ndiyo siku mdaiwa atasema, "Huyo si mimi."

Hatua ya 2: Mpe notisi

Andika barua fupi: namba ya kesi, kiasi kilichobaki, tarehe ya mwisho, na mahali pa kulipa. Ikiwa ulishinda kwa sababu mdaiwa hakufika wala kujibu kesi, notisi hii ni lazima. Sheria inataka apewe notisi ya hukumu ya siku zisizopungua 10, na nakala ya notisi hiyo uiambatanishe na ombi lako la kwanza la utekelezaji. Ukiiruka, waranti yako (hati ya mahakama inayoamuru mali ikamatwe) itafutwa na gharama zitakurudia.

Akija na pendekezo la kulipa kidogo kidogo, sikiliza. Elfu 15 kila mwezi zinazoingia kweli ni bora kuliko mnada wa meza na makochi. Lakini mapatano ya mdomo barazani usiyakubali. Andikeni makubaliano, mtie saini wote, myawasilishe kortini yawe amri, na muweke sharti kwamba akikosa mwezi mmoja deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Jueni pia kwamba mdaiwa anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kulipa kwa awamu hata wewe usipokubali, ikiwa ana sababu ya kutosha.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwenye karatasi moja

Chukua mfano wa hukumu ya 180,000, gharama 22,000, riba ya asilimia 12 kwa mwaka isiyo ya kulimbikiza. Riba ni 21,600 kwa mwaka, yaani 1,800 kwa mwezi. Miezi 10 ikipita ni 18,000. Jumla 220,000. Kama mwisho wa mwezi wa 10 amelipa 50,000, kilichobaki ni 170,000.

Dikrii ikinyamaza kuhusu riba ya baada ya hukumu, sheria inahesabu asilimia 6 kwa mwaka. Usijiwekee kiwango chako mwenyewe.

Malipo uliyopokea nje ya mahakama yaandikishe kwenye faili, hata kama ni 2,000. Mahakama inayoendesha utekelezaji haitambui malipo ambayo hayakuandikishwa, na mdaiwa akija na meseji za M-Pesa ulizozificha, hakimu atakutazama wewe kwa jicho jingine kuanzia siku hiyo.

Hatua ya 4: Tafuta mali

Hapa ndipo pesa hupatikana au hukosekana. Ukiitenda hatua hii vizuri nyingine zote hurahisika; ukiiruka utamlipa dalali kwa kazi bure.

Magari, pikipiki na tuk-tuk: tafuta kwa namba ya usajili katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona mwenyewe ni nani na kama benki ina haki juu yake. Tuk-tuk nyingi za Malindi bado ziko chini ya mkopo. Kampuni: omba taarifa za wakurugenzi na wenye hisa kwa msajili wa biashara. Ardhi: fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi yenye rejista ya kiwanja hicho, ukiwa na namba ya kiwanja. Bila namba hakuna upekuzi.

Vyombo vya baharini vinahitaji macho zaidi. Chombo chenye leseni kina rekodi katika Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na uongozi wa kikundi cha ufuo (BMU) huwa unajua nani anamiliki nini, maana ndio wanaowaandikisha wavuvi na vyombo vyao. Uliza mambo matatu: jina la chombo, injini ni ya nani, na kama kuna mshirika. Ni kawaida mashua kuwa ya mmoja, injini ya mwingine, na nyavu za wa tatu. Ukikamata injini ya mtu mwingine umejiletea kesi.

Wakati pia una maana. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, vyombo vingi vidogo hupandishwa pwani na ni rahisi kuvihesabu na kuvitambua. Kaskazi vikiwa kazini, chombo unaweza kukitafuta wiki mbili kumbe kiko Kiwayu.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawalifikirii: nani anadaiwa na mdaiwa wako? Anayepeleka samaki au kamba hotelini Shela au Watamu, fundi anayesubiri malipo ya ukuta, mwenye nyumba anayelipwa kodi kila mwezi, wote hawa wana pesa mikononi mwa mtu mwingine. Pesa hizo zinakamatika, na mara nyingi ndizo rahisi kuliko zote.

Usiguse vitu hivi, kwa sababu sheria imevilinda: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, mapambo ambayo dini hairuhusu mtu kuyaacha, vifaa vya kazi ambavyo mtu hawezi kufanya ufundi wake bila hivyo, na theluthi mbili za mshahara. Mvuvi mwenye dau moja analoendesha mwenyewe atasema hicho ndicho kifaa chake cha kazi, na ana hoja nzito. Mwenye mashua tatu alizokodisha kwa watu, yeye yuko nchi kavu, hana hoja hiyo. Ardhi ya wakfu nayo iache kabisa. Mdaiwa anaweza kuishi juu yake miaka 40 na isiwe mali yake.

Hatua ya 5: Ukishindwa kupata mali, mlete aulizwe

Omba mahakama imwite mdaiwa aje chini ya kiapo aeleze mali zake, madeni anayodai watu na njia za kulipa. Kwa kampuni, anayeitwa ni mkurugenzi au ofisa wake. Njia hii ni rahisi na haitumiki vya kutosha. Jitayarishe na maswali mafupi: benki gani, tawi gani, nani ananunua bidhaa zako, kodi ya duka unalipa kutoka wapi, boti uliiuza lini na pesa zilikwenda wapi. Mtu anayesema hana kitu huku analipa karo ya shule ya bweni atapata taabu kueleza.

Hatua ya 6: Chagua njia kwa kufuata mali

*Mshahara.* Kama ameajiriwa, anza hapa. Mdaiwa hupewa notisi ya kujieleza kwanza, kisha mwajiri anaamriwa kukata sehemu isiyozidi theluthi moja kila mwezi. Ni polepole, ila haihitaji dalali wala lori.

*Pesa zilizo kwa mtu wa tatu.* Unaomba kwa hati ya kiapo inayosema dikrii haijalipwa, kiasi kilichobaki, na kwamba hoteli au benki fulani ina pesa za mdaiwa. Mahakama hutoa amri ya muda inayozuia pesa hizo tangu inapomfikia huyo mtu wa tatu. Amri imfikie angalau siku 7 kabla ya tarehe ya kusikizwa. Siku hiyo atakiri na kuamriwa akulipe wewe, au abishe na mahakama iamue. Kwa mwuza samaki, peleka amri wakati hoteli zimejaa. Mei na Juni nyingi zimefungwa na hakuna anayedaiwa kitu. Akaunti ya pamoja ya watu wawili huleta ubishi, kwa hiyo tafuta iliyo kwa jina lake pekee.

*Mali inayohamishika.* Hii ndiyo ya dalali, na ipo katika hatua ya 8.

*Ardhi na nyumba.* Inawezekana, kwa amri ya kuzuia inayoandikishwa kwenye rejista ya ardhi, halafu mnada. Ni njia ndefu na ghali, na dalali lazima atoe notisi ya siku zisizopungua 45. Kwa deni la elfu 60 haifai. Hata hivyo amri ya kuzuia yenyewe ina nguvu, kwa sababu mdaiwa anayetaka kuuza kiwanja hataweza kukihamisha mpaka akutafute.

*Jela ya madai.* Ndiyo watu huitaka kwanza, na ndiyo ingekuwa ya mwisho. Mahakama haimfungi mtu kwa umasikini. Lazima ioneshwe kwamba ana uwezo na anakataa, au anaficha mali, au anataka kutoroka. Anaitwa kwanza kujieleza. Gharama ya chakula chake gerezani unailipa wewe, na ukiacha kulipa anatoka. Kifungo hakizidi miezi 6, akitoka deni bado liko pale pale, lakini hafungwi tena kwa dikrii hiyo hiyo. Mara nyingi kinacholipa ni ile notisi ya kujieleza. Mtu hupata pesa siku tatu kabla ya tarehe.

Hatua ya 7: Jaza ombi la utekelezaji

Ombi huandikwa kama jedwali. Lazima lionyeshe namba ya kesi, majina ya pande zote, tarehe ya dikrii, kama kuna rufaa, malipo yaliyokwisha kupokewa, maombi ya utekelezaji yaliyotangulia na matokeo yake, kiasi kinachodaiwa pamoja na riba na gharama, jina la mtu ambaye hukumu inatekelezwa dhidi yake, na njia unayoiomba. Ambatanisha dikrii, hati ya gharama, na notisi ya siku 10 kama ilihitajika. Lipa ada kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, si kwa simu ya mtu.

Kama hukumu ni ya Lamu na mali iko Malindi au Mombasa, omba kwanza dikrii ihamishwe. Mahakama yako itatuma nakala ya dikrii na cheti kwamba haijalipwa, au imelipwa kiasi gani. Usimpeleke dalali nje ya mamlaka ya mahakama kwa waranti ya nyumbani.

Hatua ya 8: Fanya kazi na dalali aliyeruhusiwa

Dalali awe na leseni hai ya Bodi ya Leseni za Madalali inayomruhusu kutekeleza waranti za mahakama. Mwombe akuoneshe. Mpe orodha ya mali uliyoitafuta: rangi, namba, mahali, saa inapopatikana.

Kisheria mambo huenda hivi. Dalali hupokea waranti, huenda kwa mdaiwa na kuandika orodha ya vitu, thamani na hali ya kila kimoja, na huomba saini ya mwenyewe au mtu mzima aliyepo. Anampa siku 7 za kulipa. Zikipita ndipo anachukua mali na kuihifadhi, anatangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza.

Nyumba ya kuishi haiingiwi baada ya jua kuchwa wala kabla ya kuchomoza. Na jambo hili ni muhimu katika nyumba zetu: chumba chenye mwanamke ambaye kwa dini au desturi hajitokezi mbele za watu hakivamiwi. Lazima aarifiwe na apewe nafasi ya kuondoka kwa heshima. Dalali asiyejali hilo atakuharibia kazi na jina. Akihofia vurugu au mlango kufungwa, aombe ulinzi wa polisi kupitia mahakama, si kwa kumpigia askari rafiki.

Ada za dalali hulipwa na mdaiwa. Lakini mdaiwa asipopatikana, au asipokuwa na mali, au mnada ukileta pesa zisizotosha, unalipa wewe. Ndiyo maana hatua ya 4 haina mbadala. Fikiria deni la elfu 40: tangazo la gazeti, kuhifadhi, boti ya kubeba mzigo kutoka Pate, ada. Huenda usibaki na kitu.

Mnadani usinunue wewe bila ruhusa ya wazi ya mahakama. Wala usimtume shemeji.

Makosa yanayoharibu kila kitu

Kumnyang'anya mdaiwa pikipiki au punda mwenyewe kwa kuwa "nina hukumu". Huo ni wizi au uvamizi mpaka mahakama iseme vingine. Kumtaka chifu au polisi amkamate kwa deni pia hakufai. Chifu anaweza kusaidia kumtambua mtu na makazi yake, basi. Na kumtangaza mdaiwa kwenye makundi ya WhatsApp kunampa yeye kesi dhidi yako.

Ukikwama

*Mdaiwa amekata rufaa.* Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Lazima apate amri ya kusimamisha, na kwa kawaida anatakiwa kuonesha hasara kubwa atakayopata, kutochelewa, na kuweka dhamana. Pinga ombi lake ukidai dhamana iwekwe kortini.

*Mtu mwingine anasema mali ni yake.* Atawasilisha pingamizi, na mahakama itakuuliza kama unaendelea. Tazama stakabadhi zake. Kama usajili ni wake kweli, achia mapema, maana kung'ang'ania kutakupa gharama. Kama ni risiti ya juzi kutoka kwa mke au ndugu, endelea na umhoji kwa kiapo.

*Waranti imepita tarehe ya kurudishwa.* Dalali airudishe na ripoti, uombe nyingine. Waranti iliyokufa haikamati hata kiti.

*Mdaiwa ni kampuni isiyo na mali.* Wakurugenzi hawalipi kutoka mifukoni mwao kwa sababu tu ni wakurugenzi. Waite waulizwe mali ilikwenda wapi.

*Mdaiwa ni serikali ya kaunti.* Huwezi kukamata gari la kaunti wala akaunti yake. Omba cheti cha amri, kifikishe kwa ofisa husika, na asipolipa nenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha. Hapa tafuta wakili.

*Mdaiwa amefariki.* Deni halikufa. Linadaiwa katika mali aliyoiacha, na mrithi hawajibiki zaidi ya kile kilichomfikia. Mirathi ikiwa kwa Kadhi, wasilisha dikrii yako kabla mali haijagawanywa, kwa kuwa deni hutangulia fungu la warithi.

*Amelipa yote.* Thibitisha kwa maandishi kortini kwamba dikrii imetimizwa, na kama kuna amri ya kuzuia kiwanja, omba iondolewe wiki hiyo hiyo.